Usinunue Chungu Kabla ya Kumjua Mpishi

Likizo ya Desemba inapokaribia, wazazi wengi wa mjini hujikuta wameketishwa kwenye mtihani wasiousomea. Mtoto amefanya vyema shuleni. Zawadi iliahidiwa mbele ya mashahidi, na ahadi ni deni. Lakini zawadi anayoitaka si baiskeli wala viatu vya mpira. Anataka mashine ya kuchezea gemu, ile ya kushika mkononi.

Juma lililopita mama mmoja, jirani yetu, alinisimamisha penye lango la mtaa nikitoka kununua maziwa.

"Jirani," akaniambia, "wewe unayeandika gazetini, hebu nitoe gizani. Nimezunguka maduka ya katikati ya jiji mpaka miguu imevimba. Mashine moja ni ghali. Ya pili imepunguzwa bei hadi nikashangaa, na muuzaji anaapa ati ndiyo yenye nguvu zaidi. Nichukue ipi?"

Nilimwomba anisubiri hadi Jumapili. Si kwamba sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nalo, ila lilikuwa likinichoma, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Droo ya soksi

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, alifanya mtihani wa KCPE na kupata alama zilizotutoa machozi ya furaha. Nilikuwa nimemwahidi mashine ya aina hiyo. Sitaitaja jina, wala duka nililoinunua, kwa sababu duka halikunidanganya na mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa nzuri ajabu. Kioo chake kiling'aa kuliko runinga ya nyumbani kwao, na muuzaji alinipunguzia bei hata kabla sijaanza kubembeleza. Hapo ndipo ningeshtuka. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Kijana aliikumbatia. Ilikuja na gemu mbili, nami nikamnunulia ya tatu Krismasi ilipofika. Aprili alirudi kutoka shule ya bweni na pesa alizojiwekea mwenyewe, tukaenda pamoja kutafuta ya nne. Muuzaji wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili alituonyesha zile zile tatu. Wa tatu alicheka, akasema bidhaa hiyo haiagizi tena.

Siku chache baadaye niliona ameitia mashine katika droo, chini ya soksi za shule. Nikamuuliza kama imeharibika. Alinijibu kwa upole ulioniuma kuliko kama angelia.

"Haijaharibika, Mjomba. Ni wao wamehama."

"Kina nani?"

"Wanaotunga gemu."

Siku hiyo sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya kitoto. Nilipochunguza baadaye niligundua kwamba mtoto yule alikuwa ametaja, kwa maneno mawili, jambo ambalo limeziinua na kuziangusha mashine za mkononi kwa zaidi ya miaka 30. Hilo ndilo darasa letu la leo.

Mfinyanzi na mpishi

Mpenzi msomaji, mashine ya gemu ni chungu. Chungu hata kikiwa kizuri namna gani hakimshibishi mtu. Kinachoshibisha ni chakula kilichomo, na anayepika si lazima awe yule aliyekifinyanga.

Kampuni inayounda mashine, mathalan Nintendo au Sony za Japani, hutunga baadhi ya gemu yenyewe. Lakini haiwezi kuijaza meza peke yake mwaka mzima. Kwa hivyo hualika kampuni nyingine zisizo mali yake, watungaji wa nje, kama vile Capcom na Konami, na zamani Square, Enix na Namco. Hao hupewa kibali na vifaa vya kutungia, na kwa kila nakala inayouzwa humwachia mwenye mashine fungu lake.

Watungaji hawa si waajiriwa wa mwenye mashine, wala si wakwe zake. Ni kama wenye matatu. Mwenye matatu hana mapenzi na barabara, mapenzi yake yako kwa abiria. Siku abiria wakihamia njia nyingine, usishangae ukiona gari lake limebadilishwa namba.

Basi hapo ndipo penye kitendawili. Watungaji hufuata mashine yenye wanunuzi wengi. Wanunuzi nao hufuata mashine yenye gemu nyingi. Duara hilo likianza kuzunguka kwa upande wako, utatajirika hata kama kioo chako kina ukungu. Likizunguka kwa upande wa mwenzako, nguvu zote za mashine yako hazitakufaa kitu.

Kioo kisicho na rangi

Tuanze na mwaka 1989. Mwezi Aprili Nintendo ilitoa Japani mashine iliyoitwa Game Boy, kazi ya kikosi cha mhandisi Gunpei Yokoi. Kioo chake hakikuwa na rangi, na hakikuwa na taa ya ndani. Ukitaka kucheza usiku ilikubidi uketi chini ya balbu.

Mwaka uo huo Atari ya Marekani ilileta Lynx, yenye kioo cha rangi na taa. Mwaka 1990 Sega nayo ikatoa Game Gear, vile vile ya rangi. Mtu yeyote aliyeziona zote tatu zimepangwa kwenye kabati la duka angesema Game Boy imekwisha.

Haikwisha. Lynx na Game Gear kila moja ilimeza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia betri nne, na zilidumu zaidi ya saa kumi. Huko Marekani Game Boy iliuzwa yapata dola 90, na Lynx mara mbili ya hizo. Mzazi alijua hesabu yake.

Lakini betri na bei hazikutosha. Gemu iliyoipa Game Boy jina ilikuwa Tetris, ile ya kupanga matofali yanayodondoka, nayo haikutungwa na Nintendo. Aliyeitunga ni Alexey Pajitnov, mjini Moscow, mwaka 1984. Mfanyabiashara Henk Rogers alisafiri hadi huko Februari 1989 kutafuta haki ya kuichapisha kwenye mashine za mkononi, na Nintendo ikaifungasha pamoja na Game Boy nchini Marekani. Wale tuliokuwa Nairobi miaka ya tisini tunavikumbuka vile vidude vya bei nafuu vya matofali vilivyopita mkono kwa mkono ndani ya basi la shule. Vilikuwa wajukuu wa Tetris, ingawa jina hilo wengi wetu hatukulijua.

Watungaji wa Japani waliokuwa wakiitungia Nintendo gemu za mashine ya nyumbani waliifuata kwenye Game Boy. Square ilileta gemu ya kwanza ya mfululizo wa SaGa Desemba 1989, nayo ikawa gemu yake ya kwanza kuuza nakala zaidi ya milioni moja. Tangu hapo duara likaanza kuzunguka. Game Gear iliuza mashine zaidi ya kidogo ya milioni 10. Game Boy, ukiijumlisha na ndugu yake wa rangi aliyekuja 1998, ilikaribia milioni 119.

Na ilipoonekana kuchoka, aliyeifufua ni mpishi wa nje kwa mara nyingine. Februari 1996 kampuni ndogo ya Game Freak ilitoa Pokémon, gemu ya kukamata na kubadilishana viumbe kwa waya unaounganisha mashine mbili. Mtoto hakuweza kuwapata viumbe wote bila rafiki mwenye mashine kama yake. Chungu kilichokuwa na umri wa karibu miaka saba kikaanza kutafutwa upya kama kilichofinyangwa jana.

Ugomvi wa marafiki

Kisa cha pili ni cha Square, na kinafanana na ugomvi wa ndugu wa karibu. Kwa miaka mingi mfululizo wake maarufu wa Final Fantasy ulikuwa ukitoka kwenye mashine za Nintendo. Nintendo ilipoamua kuwa mashine yake mpya ya nyumbani itaendelea kutumia kaseti badala ya diski, Square ilifunga virago ikaenda kwa Sony. Final Fantasy VII ilitoka Januari 1997 kwenye PlayStation.

Uhamisho ule ulihusu mashine za nyumbani, lakini ugomvi haujui sebule wala mfuko. Nyumba ya Game Boy nayo ilikosa mpishi. Kwa miaka kadhaa Square haikutoa gemu hata moja kwa mashine yoyote ya Nintendo.

Wakati huo yule mhandisi Yokoi alikuwa ameondoka Nintendo na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Kampuni hiyo ilishirikiana na Bandai kubuni mashine mpya ya mkononi, WonderSwan. Yokoi hakuiona ikiuzwa, kwani aligongwa na gari akafariki Oktoba 1997. WonderSwan ilitoka Japani Machi 1999 kwa yeni 4,800, ikitumia betri moja tu. Kwa hivyo mashine iliyopambana na Game Boy ilikuwa na mkono wa baba yake Game Boy.

Square, iliyokuwa imefungiwa mlango upande wa pili, iliingia nyumba hiyo. Desemba 2000, WonderSwan ya rangi ilipotoka, ilikuja pamoja na Final Fantasy ya kwanza iliyorembwa upya. Ya pili ikafuata, na ya nne pia. Ya tatu iliahidiwa. Wanunuzi wakakaa wakiisubiri.

Machi 2001 Nintendo ilitoa Game Boy Advance. Mwaka 2002 Square na Nintendo wakapatana. Februari 2003 gemu ya Final Fantasy Tactics Advance ikatoka kwenye mashine ya Nintendo, na mwaka huo huo Bandai ikaachana na WonderSwan. Je, ile Final Fantasy ya tatu iliyoahidiwa? Ilitokea Agosti 2006, kwenye mashine ya Nintendo. Aliyeweka akiba yake katika WonderSwan akiisubiri, alisubiri kituo ambacho basi lake halikupita.

Tusipite bila kuitaja Nokia, jina ambalo kila nyumba hapa kwetu ililijua. Oktoba 2003 iliuza N-Gage, simu na mashine ya gemu kwa pamoja. Watungaji kadhaa wakubwa walikubali kuipikia. Lakini ili kubadilisha gemu ilikubidi ufungue mgongo wa simu na kutoa betri, na bei yake ilikuwa juu. Wanunuzi hawakuja, na wapishi hawakukawia.

Wingi wa watu hushinda nguvu

Desemba 2004 ulikuwa mwezi wa mapambano makubwa kule Japani. Nintendo ilileta DS, yenye vioo viwili, kimoja cha kuguswa kwa kijiti. Siku kumi baadaye Sony ikaleta PSP, yenye kioo kipana na picha zilizokaribia za runinga. Wataalamu wengi waliitabiria PSP ushindi.

Nintendo ilifanya jambo la busara. Haikungoja wageni wapike, ilianza kupika yenyewe. Mwaka 2005 ilitoa Nintendogs, gemu ya kufuga mbwa, na nyingine ya kunoa ubongo kwa hesabu na kusoma, iliyofuata kazi ya Profesa Ryuta Kawashima. Hizo ziliwavuta watu ambao hawakuwahi kushika gemu, wakiwamo akina mama na mababu. Meza ilipojaa watu, wapishi wa nje wakaanza kubisha hodi.

Hodi iliyotikisa soko ilisikika Desemba 2006. Square Enix, kampuni iliyozaliwa Square ilipoungana na Enix mwaka 2003, ilitangaza kwamba Dragon Quest IX itatoka kwenye DS. Kwa Mjapani habari hiyo haikuwa ndogo. Mfululizo huo ulianza mwaka 1986, na namba yake ya nane ilikuwa imetoka kwenye PlayStation 2. Wengi walidhani ya tisa itakwenda kwenye mashine kubwa mpya ya Sony. Badala yake ikaingia kwenye mashine ya mfukoni iliyo dhaifu kuliko mpinzani wake.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Desturi ya Dragon Quest ni kukaa palipo na watu wengi. Tena kutunga gemu ya DS kuligharimu kidogo, kwa sababu picha zake hazikudai jeshi la wachoraji. Gemu ilipotoka Julai 2009 iliuza zaidi ya nakala milioni 4 nchini Japani. Watu walisimama barabarani katika eneo la Akihabara, jijini Tokyo, mashine zikiwa mifukoni, ili zibadilishane ramani za hazina na mashine za wapita njia.

Hata hivyo PSP haikulala njaa, na hili ndilo linaloonyesha kwamba mpishi mmoja hodari hutosha kuiweka nyumba wima. Capcom ilikuwa na Monster Hunter, gemu ya kuwinda madubwana. Ilizaliwa kwenye PlayStation 2 mwaka 2004, ikahamia PSP mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba wanne wangeweza kuketi pamoja na kuwinda bila waya wowote. Wanafunzi wa Japani walijazana kwenye mikahawa baada ya masomo, kila mmoja na mashine yake. Ile iliyotoka Desemba 2010 iliuza zaidi ya nakala milioni 4.

Kulikuwa na mdudu mwingine aliyeitafuna meza: wizi. PSP ilivunjwa kufuli mapema, na gemu zake zikasambazwa bure kwenye intaneti. DS nayo iliingiliwa na vikadi vilivyobeba gemu za kunakiliwa. Julai 2008 Nintendo na kampuni 54 za gemu zilikwenda mahakamani Tokyo kuwazuia wauzaji wa vikadi hivyo, na Februari 2009 zikashinda. Ninalitaja hili kwa sababu wengi wetu hudhani kunakili ni ujanja usiomdhuru mtu. Mtungaji asiyelipwa hana sababu ya kubaki.

Juma moja la Desemba

Sasa tufike mwaka 2011, mwaka ambao kila mzazi mwenye fedha kidogo angefaa kuukumbuka.

Februari 2011 Nintendo ilitoa 3DS kwa yeni 25,000. Gemu zilikuwa chache na wanunuzi walisita. Kufikia Julai hali ilikuwa mbaya hivi kwamba rais wa kampuni, marehemu Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara. Agosti 11 bei ilishushwa hadi yeni 15,000. Waliokuwa wamenunua mapema walipozwa moyo kwa gemu 20 za zamani bila malipo.

Wakati huo Sony ilikuwa ikiandaa mrithi wa PSP, aliyeitwa Vita. Kwa nguvu aliipita 3DS kwa mbali. Wawindaji wote walitarajia Monster Hunter mpya itakuwa humo, kwa maana huko ndiko ilikokulia.

Septemba 2011 Capcom ikatangaza kwamba Monster Hunter inahamia 3DS. Mashine hiyo ilikuwa na kijiti kimoja tu cha kuongozea, na wawindaji walizoea kulalamikia upungufu huo. Nintendo ikaunda kipande cha kuongeza kijiti cha pili, ikakiuza siku ile ile gemu ilipotoka, Desemba 10. Mfinyanzi akikongeza chungu mkono ili mpishi asiungue, ujue anamjua thamani yake.

Vita iliingia madukani Desemba 17, juma moja baadaye. Ilikuja na nguvu zote, ila mwindaji hakuwamo. Isitoshe, ilidai kadi zake maalumu za kuhifadhia gemu, na kadi hizo zilikuwa ghali. Watungaji wakubwa wakapungua mmoja mmoja. Waliobaki ni wengi wa wale wadogo, wanaotunga gemu za gharama nafuu, na ndio walioitunza mashine hiyo mpaka Sony ilipoacha kuiunda Machi 2019.

Si Nintendo peke yake iliyowavuta waliohama. Duka la gemu za simu za Apple lilifunguliwa Julai 2008, na tangu hapo kila aliye na simu mfukoni akawa mnunuzi. Watungaji wengi waliotarajiwa kwenye mashine za mkononi walikwenda huko na hawakurudi.

Anayebaki na ufunguo

Msomaji, unaweza kusema hayo ni mambo ya Wajapani na mabilioni yao. Sivyo. Kampuni iliyohama hupata njia nyingine. Mwenye mashine iliyoangushwa huunda nyingine. Anayebaki na hasara ni mtoto mwenye droo, na mzazi aliyelipa.

Tena siku hizi hasara ina sura mpya. Zamani gemu ilikuwa kaseti, ungeweza kuiazima au kumuuzia mwenzako. Leo nyingi hununuliwa kwa njia ya intaneti, kwenye duka la mwenye mashine. Duka hilo nalo hufungwa. Machi 2021 Sony ilitangaza kwamba itafunga duka la Vita. Wateja walipiga kelele, na mwezi uliofuata ikabadilisha nia. Nintendo ilifunga duka la 3DS Machi 27, 2023, na tangu siku hiyo gemu zilizouzwa humo pekee hazinunuliki tena.

Leo zipo nyumba za aina tatu. Ipo ya Nintendo Switch, iliyotoka Machi 2017 na kuuza zaidi ya mashine milioni 150, na mrithi wake Switch 2 aliyekuja Juni 2025, anayecheza gemu nyingi za mtangulizi wake. Zipo zile kama Steam Deck ya kampuni ya Valve, ya mwaka 2022, ambayo haikungoja wapishi wapya bali ilichukua gemu zilizokwisha kutungwa kwa ajili ya tarakilishi. Na ipo simu, ambayo huenda mtoto wako tayari anaichungulia.

Maswali ya kuuliza dukani

Kwa hivyo nilipomwona jirani yangu jana nilimpa maswali matatu badala ya jina la mashine.

La kwanza: ni gemu zipi zilizotangazwa kwa mashine hii kwa mwaka ujao, na zinatoka kwa kampuni ngapi tofauti? Usihesabu zilizomo kwenye kabati, hizo ni za jana. Kama zijazo zinatoka kwa mwenye mashine peke yake, au hakuna kabisa, weka pesa mfukoni.

La pili: kwa nini bei imeshushwa? Bei ya 3DS ilishushwa, na mwezi uliofuata mpishi mkubwa akatangaza anakuja. Huko ni kualika wageni. Lakini bei ikishushwa na kukawa kimya, huko ni kufagia ghala. Mimi nilifagiliwa ghala nikadhani nimepewa zawadi.

La tatu: wakihama kesho, mtoto atabaki na nini? Gemu zake ziko kwenye kadi anayoweza kuishika na kuiazimisha, au ziko kwenye duka ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine?

Aidha nilimwongezea la nne lisilo la dukani: amuulize mtoto rafiki zake wanacheza nini. Pokémon na Monster Hunter hazikuuzwa kwa uzuri wa picha. Ziliuzwa kwa sababu mtoto alitaka kuketi na wenzake.

Jirani alitafakari kidogo, kisha akasema, "Kumbe yule muuzaji alinieleza habari za chungu tu." Nikamwambia ndiyo, na hakusema uongo.

Nao wanafunzi wanaonisoma, na najua wako wanaotamani kutunga gemu siku moja, wasidhani somo hili ni la wanunuzi tu. Mpwa wangu sasa yuko chuoni anasomea tarakilishi. Aliniambia kwamba siku hizi ziko programu kama Unity, ambazo mtu huzitumia kutunga gemu mara moja kisha akaipeleka kwenye simu, tarakilishi na mashine kadhaa za mkononi bila kuianza upya. Ndiyo maana watungaji wa leo hawalazimiki kuhama kama zamani, na wengi hukaa nyumba mbili au tatu kwa wakati mmoja. "Mimi nikitunga yangu, Mjomba," akasema, "sitamwacha mtu kituoni."

Nilichukua nafasi hiyo nikamwomba radhi kwa ile mashine. Alicheka. Aliniambia gemu zile tatu alizimaliza zote mara nne, na kwamba droo ile haina kitu tena. Mashine anayo dada yake mdogo, aliye darasa la tatu, na inawaka kama siku niliyoinunua. Kwake yeye zote tatu ni mpya.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia likizo njema.